Mshono wa Kando

Miaka kumi na minne nimekalia kigoda pale Kibuye,
mguu kwenye kanyagio la cherehani, mgongo umepinda,
na unywele mmoja, si wa adui, ni wangu mwenyewe,
ukaingia ngozini kama sindano iliyopotelea nguoni,
ukajichimbia juu kidogo ya kitokono,
mahali mtu hapaoni hata kwa vioo viwili.

Usaha ukitoka, nafuu. Ukiziba, homa.
Mimi nikasema ni jipu. Jirani akasema bawasiri.
Shemeji kutoka Luanda akaleta mizizi ya kuchemsha.
Kwenye matanga ya Baba Ombima nilisimama siku mbili,
watu wakanong'ona: tazameni heshima ya Andanje,
hata kiti amekataa.

Mara tatu walinipasua zahanati.
Mara mbili walikamua, wakajaza shashi,
wakaniambia kitafunga chenyewe.
Mara ya tatu walikishona katikati kabisa,
bondeni, pale nyama mbili zinapovutana
kila ninapoinama kuokota pini.
Kikashika siku tisa.
Ningewaambia, lakini nani humsikiliza
mgonjwa aliyelala kifudifudi?
Suruali zote hupasukia papo hapo.
Mshono wa katikati ndio unaombeba mtu mzima.

Daktari Nyangweso alikuja na kalamu ya zambarau.
Nilimuuliza kama wino wake hutoka kwa kufua.
Akacheka, akanichora uru, ule wa karata,
pembe moja juu, moja chini, vijitundu vyote ndani,
kisha kwenye tako la kulia akaongeza mistari miwili.
"Wewe ni fundi," akasema, "utanielewa haraka.
Hapa nakitoa chote, hadi kwenye utando wa mfupa.
Hapa nakata kitambaa, ila sikikati kote:
upande mmoja unabaki umeshikana na mwili
damu isije ikapotea njia.
Nakizungusha, kinajaza pengo,
na mshono unahama bondeni."

Na pale ulipokitoa je?
(Hilo ndilo swali la fundi.)
"Ngozi ya hapo imelegea. Inavutwa, inakutana."

Nikanyamaza.
Maisha yangu yote nimeshona viraka
vya nguo iliyokufa juu ya nguo inayokufa.
Sijapata kukata kiraka kinachopumua.

Ganzi ya mgongoni ikafanya miguu yangu iwe ya mgeni.
Masikio walinibakishia.
Nilisikia mkasi, na mkasi naujua:
huu ulikuwa mkali, haukutafuna.
Muuguzi Jerotich alihesabu shashi kwa sauti
kama anayehesabu vifaranga jioni,
na huko nje mvua ya ziwa ikaanza kupiga mabati,
nikawaza ni nani ameingiza sare za shule
nilizoziacha zimeanikwa mlangoni.

Mrija siku nne, na kichupa chake cha maji mekundu.
Kulala kwa tumbo, kula kwa tumbo, kusali kwa tumbo.
Nyuzi zilitolewa wiki ya pili.
Pembe ya chini ililowa kidogo, ikatutia wasiwasi.
Pembe ndiyo husumbua daima,
hata kwenye mfuko wa shati.

Sasa kigoda kina mto, na kila saa nasimama.
Jumapili jioni, vyombo vikishaoshwa,
Truphosa hufunga pazia, huwasha taa ya simu,
hunyoa kandokando ya kovu kwa wembe mpya,
taratibu, kama anayechomoa uzi wa bandi,
asiache hata unywele mmoja wa kurudi shimoni.
Kovu limelala upande, limepinda
kama njia ya ng'ombe kushuka mtoni.

"Wamekushona vibaya," hunitania,
"tako moja limekuwa dogo."
Chukua futi, upime, namwambia.
Anapima kweli.
"Nusu inchi."
Nusu inchi si kitu, mama.
Wateja wangu wanatembea mjini na zaidi ya hiyo.