Kilo Ishirini na Tatu

Nilirudi Chavakali na begi moja la magurudumu,
gurudumu la kushoto limebaki Doha,
na ujuzi usio na cheti:
shati hulikunji, unaliviringisha,
kuanzia upindo kwenda kwenye kola,
taratibu, kama unavyokunja mkeka
mtoto wa jirani akiwa bado amelala pembeni.

Soksi huingia ndani ya kiatu.
Mkanda huzungushwa ndani ya kola, kola isimame.
Kizito chini, karibu na magurudumu.
Na kile utakachokihitaji kwanza
kiwe cha mwisho kuingia.

Miaka sita nilipimwa hivyo.
Mizani ya uwanja wa ndege haimjui mama wa mtu:
kilo ishirini na nne, toa kitu.
Nikatoa. Lilikuwa blanketi lake,
la maua ya zambarau, bei ya siku nane za kupiga pasi.
Nililiacha sakafuni mbele ya foleni
na sikugeuka.

Sasa niko mbele ya kabati la marehemu Baba.
Mlango mmoja hauna bawaba, umeegemezwa tu.
Nguo za watu wanne zimerundikana humo
kama mahindi yanayongoja kupukuchuliwa.
Kidula akitaka fulana moja huvuta kumi,
tisa huzirudisha kwa mguu.

Nikamwaga zote kitandani.
Mvua ya saa tisa ikaanza kwenye bati.
Nikaviringisha sare za Minayo,
suruali za Kidula zenye utomvu wa chai ya Mudete,
nikazisimamisha wima kwenye katoni ya sabuni,
migongo nje,
kila mtu aione yake bila kumwamsha mwenzake.
Kwa pazia kuukuu nikashona vifuko vitatu:
chupi, leso, vilemba vya kanisa.
Mablanketi nikayalaza ndani ya begi lenyewe,
nikalisukuma uvunguni.
Begi tupu ni mgeni asiyeosha sahani.

Mama alisimama mlangoni na ungo wa mrenda.
Akatazama. Akatazama tena.
"Zimependeza," akasema.
"Lakini mbona zimekaa kama za mtu wa kuondoka?"

Nikafungua kinywa nimwonyeshe nafasi,
rafu mbili nzima, tupu, tumezipata bure,
naye akawa ameshageuka,
maji ya ugali yanachemka.

Jioni tukafika kwenye koti la Baba.
La sufu, la kijivu, kifungo kimoja si cha ukoo.
Alizikwa nikiwa kule; nilimzika kwa simu,
picha ikikatika kila wanapoinua jeneza.
Nikalipima kwa mikono, mazoea tu:
kilo mbili na ushee.
Nikashika upindo.

Mama akanishika kiwiko.
"Hilo usilisokote. Hilo halisafiri."

Basi tukalitundika.
Likachukua upande mzima,
likazimeza zile rafu zangu mbili,
mabega wazi, kama mtu aliyewahi kiti.
Kwa hesabu yangu ni hasara.
Hesabu yangu nikaiweka mfukoni.

Siku ya nne Kidula alikuwa amevuta tena kumi.
Minayo, yeye, huhesabu zake kila asubuhi
na husema moja imenenepa.

Juzi stima ilipotea.
Nikaenda chumbani kwa Mama kutafuta kiberiti,
nikapapasa kopo la biskuti kando ya mto wake.
Kwa mwanga wa simu nikaona:
leso zake, zimeviringishwa,
vibaya, ncha zinaning'inia,
kazi ya mikono iliyojifunza kwa kuchungulia.
Na juu kabisa, cha mwisho kuingia,
gauni jeupe
ambalo sijawahi kumwona nalo.

Nikarudisha kifuniko polepole kisilie.
Kiberiti kilikuwa jikoni siku zote.