Upande wa Kaskazini

Dakika sabini, na taulo bado mbichi.
Aune anaibana shavuni kama apimaye homa ya mtoto:
joto lipo. Lakini mbichi.
Pipa linazunguka, taa inawaka,
kifungo cha suruali kinagonga chuma, ko, ko, ko.
Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kazi yenyewe.

Anachomoa kichujio, anakwangua kwa ukucha
blanketi dogo la kijivu: nyuzi za soksi,
manyoya ya paka aliyekufa Oktoba,
na uzi mmoja mwekundu asioujua ulikotoka.
Anarudisha. Anawasha. Ko, ko, ko.
Mbichi.

Anampigia Reijo wa duka la vifaa,
asiyekutana na tatizo bila kulitajia bei.
"Kipasha joto hicho, mama. Dola mia tatu, na nauli yangu."
"Joto lipo tele," anasema Aune.
Kimya. Mtu anatafuna kitu upande wa pili.
"Basi halina pa kutokea."

Anaiburuta mashine kutoka ukutani, inchi kwa inchi,
kwa goti moja lake na moja la hospitali.
Bomba la nyuma halijapindika, halijatoboka.
Linaingia ukutani, linatokea nje
upande wa kaskazini, ambako yeye haendi.

Kaskazini kulikuwa kwa Veikko.

Anavaa buti za marehemu; ndizo zilizo mlangoni.
Thunder Bay, Februari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
theluji kiunoni.
Pale penye tundu la hewa pana kichuguu cheupe,
na ndani yake barafu: mvuke wa taulo za wiki tatu
ulioganda ukitafuta njia.

Kando yake, msumari.
Kwenye msumari, kikoleo kidogo,
mpini umefungwa utepe, umelika mahali pa kidole gumba.

Miaka thelathini na minane
alitoka baada ya chakula, "kuvuta hewa kidogo,"
naye akidhani ni sigara.
Alilinusa koti lake mara ngapi!
Hakuna kitu. Mjanja huyu, alisema moyoni.

Anachimba. Kifuniko kinalegea, kinatikisika,
kinampumulia usoni: sabuni, pamba, joto.
"Si ungesema," anauambia mvuke,
na anasimama pale kupita ilivyohitajika.

Dakika arobaini. Taulo kavu,
isipokuwa pindo.
Pindo huchelewa siku zote.