Yatokanayo

Kikao kilifunguliwa kwa sala saa nane na robo.
Ukungu wa Mufindi uliingia pamoja nasi,
ukakaa viti vya nyuma kama mgeni
asiyejua kama anaruhusiwa.
Mimi ndiye katibu. Niliandika: waliohudhuria, kumi na tisa.

Ajenda ilikuwa moja: benchi.

Benchi lile la mbele, lenye mgongo na mto,
walilokalia wazungu wa shamba la chai enzi za babu,
wakaja mameneja, wakaja wenye majina,
na hakuna aliyewahi kuandika popote
kwamba mchuma chai asilikalie.
Halikuhitaji kuandikwa hilo. Miguu ilijua.

Mzee Kihwele akasimama, akakohoa:
"Hapa hakuna ubaguzi. Hapa kuna utaratibu."
Nikaandika *utaratibu*. Kalamu ikakwaruza.

Ndipo Kabula, aliyetoka Usukumani kuja kuchuma
(mwaka wa sita huu, bado tunamwita "yule wa kuja"),
akasema bila kuinuka:
"Siku ya Chakula cha Bwana,
kikombe kikitoka kwangu hufutwa mara mbili.
Nimehesabu. Kwenu ni mara moja."

Tone likasikika likianguka kutoka kwenye bati.
Kisha jingine.
Mshika kikombe akatazama viatu vyake.
Nami nikatazama mkoba wangu
ulivyokaa kati yangu na yeye,
umenyooka kama muumini,
tangu Pasaka ya mwaka juzi.

Hilo sikuliandika.

Tukatunga ahadi. *Sisi usharika tunawapokea wote*
Lutengano, kijana wa kwaya, akanyoosha mkono:
"Anayepokea ndiye mwenye nyumba.
Nani hapa ana hati?"
Nikafuta *tunawapokea*. Karatasi ikatoboka.
Juu ya tundu tukaandika: *tunakaa pamoja*.
Kumi na watatu ndiyo. Wanne hapana.
Wawili walikuwa nje, wakiangalia mvua.

Jumamosi tukaenda kulitoa. Halikutoka.
Lilikuwa limeundwa humo humo ndani,
na mlango haukuwa na upana wa kosa lile.
Fundi Mgaya akalikata katikati kwa msumeno,
vumbi la mbao likatua hadi madhabahuni.
Chini yake sakafu ilikuwa nyekundu, mbichi,
saruji ya miaka themanini isiyokanyagwa na mtu.
Kabula akalivuka akiwa na ndoo na tambara.
Nikamwambia, "Leo si zamu yako."
Nikalichukua tambara. Sikuwa na neno jingine.

Mzee Kihwele sasa anakaa karibu na mlango.
Anasema ni kwa ajili ya hewa.

Mwezi uliofuata nikasoma muhtasari kwa sauti.
Yatokanayo, namba moja: kikombe.
Kinafutwa mara moja, kwa kila mtu.
Namba mbili: mkoba wa katibu.
Vichwa vikageuka. Mwenyekiti akavua miwani:
"Hili lilijadiliwa lini?"
Halikujadiliwa, nikasema. Liandikwe.
"Utekelezaji?"
Umeshushwa sakafuni.
Mkono bado unautafuta.