Bei ya Kilima cha Mkoani

Meli ikifunga gati hapa Mkoani
huvishusha vyote pahala pamoja:
friji la Mtambile, mabati ya Kengeja,
kabati la bi harusi wa Chokocho,
vyote chini, juani, kwenye saruji ya moto,
na kilima kinavitazama.
Meli haina habari na kilima.
Kazi yake imekwisha. Yangu ndiyo inaanza.

Basi Mkasi, mtoto wa dada yangu,
aliyesoma fizikia kule Tunguu,
kakodi chumba juu ya duka la vitambaa la Shaame,
kaweka kompyuta mbili na feni inayozunguka ikitaka,
huwaandikia bei Wajerumani
asiowahi kuwaona ila kwenye kioo.
Bei za nini?
Za kuhamisha setilaiti.

"Mjomba, roketi ni kama meli yako.
Inashusha sitini kwa mpigo, kilomita mia tano juu,
nyengine ndogo kama boksi la sabuni,
halafu kila moja na kwao.
Hii yataka kupanda kidogo,
ile ipinde njia ipite juu ya ncha za dunia,
ile kiti chake kiko mbali, elfu thelathini na sita,
inazunguka sawasawa na dunia
hata ukiitazama waona haitikisiki.
Hapo ndipo tunapoingia wachukuzi.
Mwaka juzi tulikuwa na washindani watatu.
Leo nimeacha kuhesabu."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika.
Miaka thelathini na moja nasukuma mkokoteni
na hakuna aliyewahi kuniuliza hesabu yangu.
Kaniuliza yeye, kalamu mkononi.

Nikamwambia:
usipime uzito peke yake, uzito ni mwanzo wa maneno.
Pima kona.
Kupanda, mtu hupanda;
kuligeuza gari lililokwisha shika mbio
ndiko kunakotoa roho.

Akaacha kuandika.
"Na huko juu ni hivyo hivyo," akasema.
"Kugeuza njia kunakula mafuta kuliko kupanda."
Sikujua kama najua.

Pima haraka ya mwenyewe. Mwenye haraka alipe.
Asiye na haraka msukume kwa pumzi,
miezi sita, nusu ya bei.
Wenye vijimzigo wapakie pamoja,
lakini waambie mapema nani anashuka mwanzo
wasije kutoleana macho njiani.
Na usimkopeshe mwenye mzigo mwepesi na maneno mazito.

Kisha nikamuuliza lililonikaa:
na mchukuzi mwenyewe hurudi vipi?

"Harudi, mjomba. Mafuta yakikaribia kumwishia
huangushwa, akaungua hewani."

Dirishani niliuona mkokoteni wangu umeegemea ukuta,
gurudumu moja la Vespa,
jengine la kitu nisichokijua.
Basi na hilo litie kwenye bei, nikasema.
"Limo. Mstari wa tisa."

Akanionyesha wa kumi na nne:
setilaiti zilizokufa vitini mwao,
zabebwa kilomita mia tatu zaidi juu
zikakae makaburini, zisiwagonge wazima.
"Hii ndiyo inayokua kuliko zote.
Wewe ungetoza vipi?"

Mkasi.
Jeneza la mama'ko tulilipandisha kilima hiki
watu wasiohesabika,
kila bega hatua saba, likapokewa.
Hata Faki, tuliyegombana naye gatini mwaka mzima,
alitia bega.
Mzigo huo sijauwekea bei. Sina pa kuanzia.

Feni ilizunguka mara mbili ikasita.
Alikaa vile, kidole juu ya kibonyezo,
halafu, kama mtu anayefunga hesabu ya duka,
akaandika tarakimu. Nyingi. Sikuzisoma.

Honi ikalia gatini.
Nikashuka ngazi; friji la watu halingoji.