Mawe Thelathini na Saba

Jumanne, mvua ya Aprili ikigonga mabati ya stoo,
Bwana Zablon Wesonga, karani mstaafu wa reli,
alipanda ngazi hadi chumba chetu pale Makumbusho
na mkebe wa maziwa ya unga kifuani,
akamimina mezani kabla hata ya salamu:
mawe thelathini na saba.
"Niambie," akasema, "yapi yalichongwa na watu."

Ya pwani, yote. Ya Kanamai.
Kila Desemba, miaka kumi na tisa,
yeye na Roselida wake waliinama ufuoni
wakiokota yaliyofanana na shoka, na chembe, na kisu.
Sasa Roselida hayupo, na mkebe upo.

Niliwasha taa ya pembeni, si ya juu.
Mwanga wa juu hulibembeleza jiwe;
wa ubavuni hulihoji.

Tazama, Bwana Zablon, bahari hupiga popote.
Leo huku, kesho kule, haina shabaha wala haraka,
hulainisha ncha zote sawasawa
kama bibi asiye na meno anayemumunya peremende.
Mkono wa mtu una nia: hupiga hapa,
na hapa tena, na hapa,
ukiandama ukingo mmoja
kama fundi cherehani anavyoandama pindo.
Pigo lake huacha kinundu,
na viwimbi vilivyoganda ndani ya jiwe;
hata maji yakililamba miaka elfu,
kidole gumba hukisikia kile ambacho jicho limekikosa.

Hivi vijimwezi? Mawe yaligongana tu, usiku, bila shahidi.
Tundu hili? La kombe. Hutoboa mwamba ajifiche.

"Lakini laenea mkononi!" akasema,
akilifumbata moja hadi vifundo vikang'aa.
Hapo ndipo wengi hupotelea.
Kiganja ni mwenyeji mkarimu mno:
hakuna jiwe lililowahi kubisha hodi
likakosa kiti.

La kwanza, maji. La pili, maji.
La kumi na nne nililigeuza mara tatu
kwa ajili ya uso wake, si kwa ajili ya jiwe:
maji.
Akawa anayarudisha mkebeni moja moja,
taratibu, kama anayelaza watoto wasiamke.

La thelathini na moja lilikuwa jeusi.
Kioo cha volkano, dogo kuliko kiberiti.
Kinundu kipo. Ukingo mmoja umemegwa-megwa kwa mpangilio,
chombo cha kukwangulia ngozi,
cha mtu aliyeijua kazi yake.
Ila makali yamefifia, yamesuguliwa na kitu.
"Hili halikutoka Kanamai," nikasema.
"Ufuo ule hauna mawe haya. Haya ni ya huku kwetu, ya Bonde la Ufa."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai.
"Ngong," akasema. "Tulipochimba shimo la choo,
mwaka wa tisini na mbili. Alilitia kwenye mkoba.
Mimi nilidhani alilitupa."

Nikalirudisha chini ya taa.
Mikwaruzo ile haikuwa ya mchanga wala ya mawimbi.
Ni funguo. Ni sarafu za shilingi tano,
kitana, kichupa cha mafuta ya mgando;
ni Ngong hadi Gikomba na mkoba kwapani,
kwenda na kurudi,
likigongwa na kila alichokihitaji.

Kwenye fomu yetu kuna mstari: Limechakazwa na nini?
Na visanduku vinne: maji, upepo, moto, matumizi.
Nilishika kalamu nikaishika tu.

Sita yaliyobaki hatukuyagusa.
Alikwisha kufunika mkebe, ameshukuru, ameaga;
jeusi halikuwemo mkebeni, wala mezani,
na mfuko wa koti lake, alipoanza kushuka ngazi,
ulilia kidogo:
chenji, na kioo.