Kitanda cha Kabeya

Alikuja Kibuye na kipande cha uzi.
"Niko murefu hivi, fundi,"
akasema kwa Kiswahili cha Lubumbashi.
Mbao zikatokeza nje ya kibanda.
Mkataba, akaniambia, miezi sita;
Kigali ilikuwa minne,
Tunis mitatu na goti.

Jumamosi nikaenda uwanjani.
Alipaa, akaning'inia kwenye pete, watu wakalia jina lake,
nami nikawaza misumari yangu tu.

Msimu ukaisha. Timu ikaleta kijana mwingine,
mrefu zaidi, wa bei nafuu.
Mshahara wa mwisho haukuja,
basi akanirudishia kitanda kulipa deni la kitanda.

Hakijapata mnunuzi.
Wanangu wanne hukilalia, vichwa upande mmoja,
na kule miguuni shuka hubaki baridi.