Kigawanyi cha Vilarmeán

Kisanduku kiko juu ya nguzo, kando ya karo la kufulia.
Hakina betri, hakina feni, hakijui bei ya umeme.
Uzi mmoja wa kioo unaingia,
nyuzi thelathini na mbili zinatoka.
Ndiyo kazi yake yote: kugawa na kunyamaza.

Daktari Obdulia hutibu ng'ombe wa mlima mzima,
usiku hurusha picha za mifupa hadi Lugo.
Leo kanishikia ngazi mvuani, anauliza:
“Ipi bora?”

Nikamwambia, GPON hii uliyo nayo
hushuka kwa mbili na nusu, hupanda kwa moja na robo:
masikio makubwa kuliko mdomo.
EPON, anayoifunga shemeji yangu kule Sendai,
ni moja kwenda, moja kurudi,
hubeba kifurushi kama kilivyofungwa na mwenyewe;
GPON hukata, hupanga, hufunga upya.
Na hii mpya, XGS, ni kumi kwa kumi,
hupita uzi uleule kwa rangi nyingine,
mgeni na mwenyeji wasigusane bega,
na rangi zote nne hakuna jicho lililowahi kuziona.

“Kumi kwa kumi,” akasema. “Mimi na nani?”

Nikatazama chini.
Kwa Rebolo, kufuli. Kwa Xenaro, runinga na mbwa.
Kwa akina dada wa Outeiro, mazishi mawili mwaka mmoja.
Nyumba tisa tu zina taa ya kijani.

Nikakwama na kipimo mkononi,
hasi ishirini na moja, si haba,
maana mwanga haujui nani kahama.
Kigawanyi humkatia kila mtu fungu lake,
aliyepo na asiyekuwepo,
na la asiyekuwepo hufia kwenye kizibo cha plastiki.
Muda ndio hugawiwa waliopo peke yao:
kituo huita kwa zamu, sema wewe, ngoja wewe,
na wakiwa wachache, kila mmoja husema kirefu.

Kwa hiyo GPON yake kuukuu huenda inaishinda
XGS ya ghorofa moja la Madrid, saa tatu usiku,
watu mia na ushei wakivuta kamba ileile.
Hilo sikulisema vizuri. Nilisema, “Inatosha.”

“Basi niachie hii. Ila zile nyingine usizikate.”

Simu yake ikalia: ndama, kwa Xenaro, miguu ya nyuma mbele.
Akaiacha ngazi, akaondoka.

Sikuzikata.
Wala nisingeokoa chochote:
mwanga ukishagawanywa, haurudi kwa mwenzake.